TAHADHARI: Wauza "dawa ya kusafisha kizazi" wanaokutisha ukiona damu imerudi

Dada zangu, mlio Nairobi hasa, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Mwezi uliopita nilimeza tembe za kutoa mimba. Siku mbili za kwanza damu ilitoka kwa wingi na mabonge, kisha ikapungua. Siku ya saba nikakauka, nikamshukuru Mungu. Siku ya kumi, nimerudi kazini na nimeshinda nimesimama, damu hiyo tena, kwanza ya kahawia, halafu nyekundu. Nikamwandikia aliyeniuzia tembe. Hakuuliza hata nimebadilisha pedi ngapi. "Uchafu umebaki, kizazi kitaoza," akajibu, na kutaka shilingi 4,500. Nilipomwambia sina, akashuka hadi 3,000, akaongeza kwamba nikienda hospitali nitashikwa.

Nikatuma. Mtu wa boda akaniletea vijipira vitatu vya majani yaliyosagwa, vimefungwa kwa kitambaa cha bandeji, kila kimoja na uzi wake, vinanuka kafuri. Hakuna jina, hakuna tarehe. Niviweke ukeni siku tatu, eti. Cha kwanza hakikumaliza saa mbili. Niliwaka kama nimepakwa pilipili. Nikakivuta, asubuhi nikaenda kliniki.

Muuguzi alinipima joto, akanibonyeza tumbo, akaniuliza habari za pedi. Hakuna kilichobaki. Aliniambia damu kukatika na kurudi ni kawaida: wengi hutokwa na damu wiki moja hadi mbili, na matone yanaweza kuendelea hadi hedhi inayofuata. Kuingiza vitu ukeni wakati huo ndiko kunaweza kuleta maambukizi. Hata kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha una mimba kwa wiki nne hivi, kwa sababu homoni huisha mwilini polepole. Niliumia kusikia hilo, maana muuzaji alikuwa ameniambia nipime "nijionee mwenyewe" kwamba uchafu umebaki.

Wa kukimbilia hospitali ni huyu: anayejaza pedi kubwa mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, mwenye joto la 38 au zaidi linalokaa siku nzima, anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya, ambaye maumivu yanazidi badala ya kupungua, au anayehisi kizunguzungu cha kuanguka. Usingoje kupambazuke. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na huduma baada ya mimba kutoka ipo katika hospitali za umma.

Nilipomdai muuzaji pesa zangu, alinifungia mawasiliano. Juzi nimeona picha ya vijipira vile vile, hata kitambaa cha maua kilichotandikwa chini ni kile kile, ila jina ni jingine na namba ni mpya. Ukiona uzi huo, au mtu akikutajia kuoza kabla hajakuuliza swali hata moja, usitume hata shilingi.