Kifaa cha kuziba pancha: kabla hujauchomoa msumari, tazama hii

Wadau, karibuni. Niko Mikindani, na leo tunakichambua kifaa cha kuziba pancha mwenyewe, hiki cha kwenye kiboksi. Mtwara mpaka Lindi ni kama kilomita 100, na msumari ukikukuta usiku katikati ya njia, fundi tairi humpati kirahisi.

Ndani mna tupa ya mviringo, sindano yenye jicho, tambi za mpira zinazonata, na solusheni, yaani gundi ya mpira. Ni kwa tairi za tyublesi tu. Mwenye tyubu hakimsaidii.

Sogeeni muone. Msumari umeingia kwenye kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, katikati kabisa. Usiuchomoe kwa papara! Ukiwa mle ndani unazuia upepo usitoke wote kwa mara moja. Andaa vitu vyako kwanza. Halafu ukiuvuta kwa koleo, angalia ulikuwa umelala upande gani, maana tupa lazima ipite njia ileile. Ukiipeleka kwingine unatoboa upya, na waya za chuma zilizomo kwenye tairi zitakugomea.

Hapa ndipo kiboksi kizuri kinapojulikana. Hii ya kwanza ina mpini wa plastiki. Nasukuma... mnaona unavyopinda? Tairi la gari linataka nguvu ya mabega. Hii nyingine ina mpini wa chuma, umekaa kama herufi T, unaukamata kwa mikono miwili. Ingiza, toa, ingiza, toa, mpaka tundu lilainike. Sasa pitisha utambi kwenye jicho la sindano, nusu huku nusu huku, paka solusheni, sukuma mpaka mikia ibaki nje kidogo, kisha chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Jaza upepo kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mwagia maji ya sabuni. Povu halichemki. Imeziba.

Dukani ziguseni tambi kabla ya kulipa. Zinatakiwa ziwe laini, zinate kidoleni. Zilizokauka hazishiki, waachieni wenyewe.

Ila msikubali kuambiwa kwamba hapo kazi imekwisha. Utambi unaziba tundu, hauoni kilichotokea ndani. Kama gari lilitembea upepo ukiwa umeisha, shavu, yaani ubavu wa tairi, limesagika. Fundi akilivua tairi kwenye ringi anakuta unga mweusi wa mpira. Tairi hilo ni la kutupa, hata kama kwa nje linang'aa. Kwa hiyo ukifika mjini mwambie fundi alivue, alikague, aweke kiraka cha uyoga kwa ndani. Mguu wake unajaza tundu, kofia inashika ndani, maji hayazifikii zile waya zikapata kutu. Atakwambia utambi unatosha. Ndugu yangu, sisitiza, hasa kama safari inayofuata ni ya Dar na gari limejaa watoto.

Msumari ukiwa shavuni, au tundu likizidi milimita 6, usihangaike na kiboksi, funga spea. Shavu linajikunja kila gurudumu linapozunguka, utambi hautakaa.

Kwangu mimi, chenye mpini wa chuma kinafaa kununuliwa, cha plastiki hapana. Na kikae pamoja na pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye gari, maana bila pampu utaziba tundu vizuri na tairi litabaki chini vilevile.