Kutembelea makaburi ya kale ya Hyrax Hill, Nakuru: uzoefu wangu

Anayekwenda Hyrax Hill kutafuta mifupa hataiona. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia wageni wakiuliza pale mlangoni, "Mafuvu yako wapi?" Kilichopo ni makaburi yenyewe: mashimo yaliyofunuliwa kwa uangalifu, mawe yaliyoyafunika kwa karne nyingi, na mtu wa kukueleza nani alilazwa wapi. Kwangu hayo yalitosha, na ningependa wakazi wengi zaidi wa Nakuru wayaone.

Kilima kiko kama kilomita 4 kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Panda matatu ya kuelekea Gilgil, mwambie kondakta akushushe njia panda ya Hyrax Hill, kisha tembea au uchukue bodaboda hadi langoni. Nilikwenda na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Siaya. Nilipomwambia tunakwenda kuona makaburi alinitazama kwa muda. "Mwanangu, makaburi ya nani?" Nikamwambia ya watu wa kale, wasiojulikana hata majina. Alifunga kitambaa chake kichwani, akasema twende, lakini yeye hatachungulia shimo la mtu asiyemjua.

Anzeni na jumba la makumbusho, hata kama mna hamu ya kupanda. Ni nyumba ya shambani ya zamani, ndogo, na ndani mna vyungu, mawe ya kusagia na vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano ambalo watu wa Bonde la Ufa walilichonga kuwa visu na vikwaruzo kabla ya chuma kufika. Ukishaviona vitu hivyo, mashimo ya huko nje yanaanza kuwa na wenyewe. Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alitambua kuwa hapa pana mabaki ya kale mwaka 1926, alipokuwa akichimba eneo lingine la maziko hapa Nakuru. Uchimbaji mkubwa ulifanywa na mkewe, Mary Leakey, mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 mahali hapa pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, na mwaka 1965 makumbusho yakafunguliwa kwa umma.

Chukueni mwongozaji. Hili nalisisitiza. Bila yeye utaona mawe, nyasi na mabonde madogo, urudi ukisema hakuna kitu. Aliyetuongoza alikuwa kijana mpole, akimwita shangazi "mama" na kumngoja kila palipokuwa na mwinuko. Kitu nilichokipenda zaidi kwake ni kwamba hakututungia hadithi. Palipo na ushahidi aliuonyesha, pasipo na ushahidi alinyamaza akaendelea na njia.

Alitupitisha kwanza kwenye mabonde ya mviringo ambayo watu wengi huyaita mashimo ya Wasirikwa. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, na nyumba za watu zikijengwa ubavuni. Mapokeo ya Wakalenjin yanawataja Wasirikwa kama wafugaji waliotangulia kwenye nyanda hizi. Juu ya kilima kuna mabaki ya boma la mawe. Sitalisema mengi boma hilo, maana kilichobaki ni kidogo. Lakini ukiwa pale juu unaliona Ziwa Nakuru lote, na mwongozaji akatueleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, ziwa lilikuwa kubwa mno hata maji yakafika chini ya kilima hiki. Shangazi, aliyekulia karibu na ziwa kubwa kuliko hilo, aliuliza mara moja kama walivua samaki.

Kisha tukashuka upande wa pili, kwenye maziko.

Makaburi ni ya nyakati mbili tofauti. Ya kale zaidi ni ya wafugaji wa enzi ya mawe, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, watu waliokuwa na mifugo na vyungu lakini hawakuwa na chuma. Walizikwa wakiwa wamekunjwa, magoti yamevutwa kuelekea kifuani, kisha kaburi likafunikwa kwa mawe makubwa. Moja limeachwa wazi ili mgeni aone ndani. Unasimama ukingoni, unatazama chini, na jambo la kwanza linalokushangaza ni udogo wa nafasi. Mtu mzima aliingia hapo. Ni lazima mikono ya watu wengine ilimkunja, ikamlaza, ikamwekea jiwe, na jiwe lile si la kubebwa na mtu mmoja.

Jambo la pili ndilo lililonikaa moyoni. Wanawake walizikwa na vyombo vyao: sahani za mawe, bakuli za mawe, michi ya kupondea. Wanaume hawakuwekewa kitu. Mwongozaji alipolisema hilo, shangazi, aliyekuwa amesimama mbali na ukingo muda wote huo, akasogea.

"Wanaume hawakupewa hata fimbo?"

"Hakuna kilichopatikana, mama."

"Na huyu mama alipewa jiwe lake?"

"Ndiyo, mama. Sahani ya jiwe."

Akachungulia. Alikaa pale kwa muda mrefu kuliko mimi. Baadaye akaniambia kwamba jiwe la kusagia la marehemu mama yake bado liko jikoni kwao, na hakuna aliyewahi kuthubutu kulitupa ingawa unga siku hizi hununuliwa dukani. Kutengeneza sahani ya jiwe kwa kutumia jiwe jingine ni kazi ya siku nyingi. Watu waliofanya kazi hiyo, kisha wakakifukia chombo pamoja na mwenyewe, walikuwa na heshima kubwa kwa mwanamke yule, na sioni njia nyingine ya kulisoma kaburi lile.

Maziko ya pili ni ya zama za chuma, na yako karibu sana na yale ya kwanza. Hapo walipatikana watu 19, wengi wao wanaume vijana, na wengi walikuwa wamekatwa vichwa. Mwongozaji alilisema kwa sauti ya kawaida, bila kututisha, nami nilimshukuru kwa hilo. Wapo wageni wanaopiga picha hapo wakicheka na kujishika shingo. Tafadhali msifanye hivyo. Wale walikuwa vijana wa watu, na mama zao huenda walikuwa hai siku ile.

Shangazi hakuchungulia shimo hilo. Alivua kitambaa, akasimama kimya, akakifunga tena, tukaendelea. Njiani nikamuuliza kama ameudhika nilivyomleta. Akasema hapana, kwao kaburi liko uani, watoto wanacheza kando yake na kuku wanapita, kwa hiyo kaburi lenyewe si la kuogopwa. Lililomtia wasiwasi ni kuingia kwa mtu bila kukaribishwa. Nimelifikiria sana neno hilo. Na kweli, hapa kilimani makaburi na makazi viko pamoja. Waliokufa hawakupelekwa mbali.

Kabla ya kurudi jumba la makumbusho mtaonyeshwa bao lililochongwa kwenye mwamba, safu za vishimo kabisa, tayari kwa kete. Shangazi aliinama, akaokota vijiwe, akaanza kumfundisha mwongozaji jinsi wanavyocheza ajua huko kwao. Walicheza, na kijana akashindwa. Pia mtasikia habari za sarafu 6 za Kihindi zilizopatikana katika uchimbaji, moja ikiwa na umri wa karibu miaka 500 na mbili za mwaka 1918 na 1919. Mimi zilinivutia kidogo tu. Mume wangu nilipomsimulia, ndizo alizoziuliza zaidi.

Kama jambo hili limewagusa kama lilivyonigusa, someni pia habari za pango la Mto Njoro. Liko kaunti hii hii, na Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938. Huko wafu waliagwa kwa njia nyingine. Walichomwa moto pangoni, karibu watu 80, wanaume kwa wanawake, takribani miaka 3,000 iliyopita. Walizikwa na bakuli za mawe, michi na mawe ya kusagia, pamoja na shanga nyingi za mawe ya thamani. Moto uligeuza kuwa mkaa chombo cha mbao kilichonakshiwa, na kwa hiyo kikahifadhika, kitu ambacho kwa kawaida huoza na kupotea. Ukilinganisha Njoro na Hyrax Hill, sehemu mbili zisizo mbali kabisa, unaona kwamba hata zamani hizo watu wa eneo moja waliwaaga wapendwa wao kwa njia tofauti, lakini vyombo vya mawe vilikuwepo kote kuwili.

Kwa anayepanga kwenda: asubuhi ni bora, kwa sababu kivuli ni kidogo na jua la saa sita juu ya mawe ni kali. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kuna miiba na mawe yanayoteleza. Beba maji. Mzee anayetembea vizuri ataweza, mradi msimharakishe. Asiyeweza kupanda anaweza kubaki jumba la makumbusho na bado akaona mengi. Pimbi wanaokipa kilima jina lao huonekana kwenye nyufa za mawe mkiwa watulivu. Msiokote hata kipande kimoja cha obsidiani, hata kiwe kidogo namna gani na hata mkivikuta vimetapakaa njiani, maana kipande kikishaondoka mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena. Mifupa mingine ya hapa ilichukuliwa na watu waliotaka kumbukumbu za kupeleka nyumbani.

Mkienda na watoto, mwelezeni mwongozaji umri wao kabla hamjafika kwenye maziko ya wale watu 19, achague maneno. Watoto wa shule ya msingi wanafurahia zaidi bao na mazizi. Wale wa sekondari waacheni wasikie yote, wapeni na nafasi ya kuuliza, kwa sababu watauliza mengi.