Kinga ya kutu kwa sanduku la vifaa: nunua nini kwanza, nini uache

Fundi wa Tanga, Mombasa au Unguja ana adui ambaye mwenzake wa Dodoma hamjui sana. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60, na pwani hewa iko juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, masika ndiyo usiseme. Chumvi ya baharini ikitua juu ya spana, inavuta maji na kazi inakwenda upesi zaidi. Sanduku la bati la droo saba, hata likiwa la bei, lina hewa ile ile ndani. Kwa hiyo kabla hujaongeza hela upate sanduku kubwa zaidi, nunua kinga. Nimezipanga kwa jinsi ambavyo ningemshauri ndugu yangu atoe fedha zake.

Namba moja: mafuta ya cherehani

Hakuna yanayoyashinda kwa bei yake. Ni mepesi, hayachafui mikono, na maduka ya vifaa vya ushonaji yanayo. Chana shati kuukuu la pamba, lidondoshee mafuta mpaka liloe bila kuchuruzika, litie kwenye kopo lenye mfuniko, kisha kopo likae juu ya sanduku daima. Kila kifaa kinachorudi kwenye droo kipitie hapo kwanza.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka uone patasi iliyoshikwa bapani na mkono wenye jasho ikarudishwa bila kufutwa. Siku chache baadaye alama ya kidole gumba imejichora juu ya chuma kwa rangi ya chungwa, na mistari ya ngozi unaihesabu. Kitambaa hakiiondoi tena. Inataka msasa laini, na ikiachwa inachimba vishimo ambavyo vikifika kwenye makali, patasi haishiki ukali hata uinoe vipi.

Mafuta ya kupikia si mbadala. Yanageuka utando wa kahawia unaonata kama gundi. Oili chafu ya injini nayo, ambayo gereji nyingi wanaipaka kwa kuwa ni ya bure, imebeba asidi na unga wa chuma, na kuishika kila siku ni hatari kwa ngozi. Iache kabisa.

Namba mbili: nta ya nyuki

Seremala anaweza kuiweka ya kwanza, na sitabishana naye. Mafuta yakibaki chini ya randa yanaingia kwenye mbao na rangi haitashika. Nta inakaa kavu, haikusanyi vumbi, na randa inateleza. Tabora ina nta nzuri, tafuta ile safi yenye harufu ya asali. Weka sehemu moja ya nta na sehemu tatu za mafuta ya cherehani kwenye kopo, ulisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka iyeyuke. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, inawaka. Ikipoa unapata malai ya kupaka kwenye misumeno, randa na ncha za tindo.

Namba tatu: silika jeli

Hivi ndivyo vipunje vya kwenye pakiti ndogo unazozikuta ndani ya boksi la viatu vipya. Pakiti hizo za viatu usizitegemee, mara nyingi zimeshashiba maji. Nunua ya kilo au nusu kilo, yenye rangi, ili ikuonyeshe imeshiba: ya chungwa hugeuka kijani, ya bluu hugeuka waridi. Chagua ya chungwa. Ile ya bluu hutiwa kemikali ya kobalti, ambayo ni sumu ikimezwa. Ikishiba unaikausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa kadhaa, na inatumika tena.

Nimeishusha hadi hapa kwa sababu inafanya kazi kwenye sanduku linalofunga vizuri tu. Droo zenye mianya zinaimaliza haraka. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vifaa vya kupimia kama venia na maikromita.

Namba nne ni karatasi maalumu ya kuzuia kutu, inayotoa mvuke unaokinga chuma kilichofungiwa nayo. Inafaa vifaa vinavyokaa miezi bila kuguswa. Namba tano ni WD-40, dawa ya kupuliza ya kwenye kopo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na vifaa vikinyeshewa hiyo ndiyo ya kukimbilia. Ila utando wake ni mwembamba, na kwa kupuliza kila siku kopo linaisha kabla mwezi haujaisha.

Droo zenyewe

Droo ikikwama, kabla ya kununua chochote, angalia sakafu. Sanduku likisimama pasipo sawa, fremu inajipinda na reli zinabana. Kipande cha ubao chini ya pembe moja kinaweza kumaliza tatizo. Kisha ng'oa droo, safisha reli kwa brashi na mafuta ya taa, zikauke, upake grisi nyeupe ya lithiamu kidogo tu. Grisi ikizidi, vumbi la sementi linaigeuza msasa. Droo za mbao hazitaki grisi: sugua nta au mshumaa kwenye kingo.

Anayenunua sanduku jipya achague reli za gololi. Dukani vuta droo mpaka mwisho, itikise kushoto na kulia, ikandamize kwa kiganja. Ikicheza ikiwa tupu, itakwama ikijaa spana. Uliza na geji ya bati, yaani namba ya unene wake. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene.

Na kama stoo hiyo hiyo ina chupa ya asidi ya kusafishia vigae, ihamishe leo. Mvuke wake unapenya mfuniko na kutia kutu vifaa vyote vilivyo karibu, hata vilivyopakwa mafuta.