Misimu miwili na taa za kupepesa kwenye Caravan: uzoefu wangu

Anayefikiria kufunga taa hizi ajue jambo moja kwanza: unalipa wewe, wanaofaidi ni macho ya wenzako. Mimi narusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kati ya Arusha na vijiwanja vya Serengeti, na nikiwa kwenye usukani sioni cha maana ila swichi yenye nafasi tatu: zima, washa, pepesa. Huko nje taa mbili za kutua zilizo kwenye mabawa zinapokezana, ya kushoto ikififia ya kulia inakolea, chini kidogo ya mara moja kwa sekunde, kama basi la usiku linaloomba kupishwa.

Ndiyo maana miezi ya mwanzo nilizihesabu kuwa urembo tu wa mwenye kampuni. Nilikuja kunyamaza Agosti, kwenye kiwanja cha Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nyumbu wanavuka mto Mara na moshi wa nyasi umetanda. Pale hakuna mnara wa kuongoza. Kila rubani anatangaza redioni alipo na anakokwenda. Mwenzangu akasema yuko kaskazini, anashuka. Nikatazama kaskazini, hamna kitu. Nikarudia, na mahali palepale macho yangu yalipokwisha kupita nikaona nukta inapepesa. Kumbe alikuwa pale muda wote. Yeye alikuwa na taa kama zangu.

Shida ya angani ni kwamba ndege mnayoelekea kugongana nayo haisogei kwenye kioo. Inabaki doa palepale, unaweza kudhani ni mdudu aliyepondeka, hadi sekunde za mwisho inapofura ghafla. Jicho hukamata kinachocheza, na hii haichezi. Caravan mbili zikielekeana, kila moja kwa kilomita 280 kwa saa, zinamaliza zaidi ya kilomita 9 kwa dakika moja. Taa ya kupepesa inalichezesha lile doa, basi. Kazi yake ni hiyo tu, na inatosha.

Na ndege wenye manyoya? Nimeona korongo wakikata kona mapema kuliko zamani, na napenda kuamini ni taa. Tumbusi ni habari nyingine. Huyo anapanda na hewa ya joto akitafuta mzoga chini, na jamii yake mmoja aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, futi 37,000. Kwa tumbusi naendelea kutegemea macho yangu.

Kero zipo. Wiki ya kwanza kila pigo la taa lilileta "tik, tik" kwenye vipokea sauti, safari nzima ya saa moja, nusura niizime nisiiwashe tena. Fundi alihamisha waya wa athi, kelele ikaisha. Pia hakikisha kidhibiti, yaani kifaa kinachozifanya zipepese, kinakubaliana na aina ya taa zako: tulipobadilisha za zamani kuweka LED, upande mmoja ulikuwa unawaka ovyo hadi kidhibiti nacho kikabadilishwa. Na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, kwa karatasi zilizoidhinishwa, iandikwe kwenye kitabu cha ndege. Mkaguzi hatakuelewa ukimwambia ni taa tu.

Ndani ya wingu nazima kupepesa, maana mwanga unarudi usoni na kichwa kinaanza kuzunguka. Nikikaribia ardhi kwenye giza la alfajiri naziacha ziwake moja kwa moja, kwa sababu kupima urefu kwa mwanga unaokuja na kuondoka ni kujitafutia balaa.

Mwenye kampuni ameniuliza kama afunge na kwenye ndege yetu ya pili. Nimemwambia afunge hata leo. Ndiyo ninayopishana nayo kila asubuhi.