Boti ya bass ya mtumba: faibaglasi au alumini? Nilivyoziona baada ya kutumia zote mbili

Nimezitumia zote mbili zikiwa mtumba: faibaglasi ya futi 19 yenye injini ya kupachika ya HP 200, na alumini ya futi 17 yenye HP 60. Maji ni ya Texas Mashariki, hasa Toledo Bend, bwawa la mto Sabine lenye urefu wa maili 65 hivi mpakani na Louisiana. Bass ni samaki yule yule aliyepelekwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, ila huku amevaliwa njuga hadi akaundiwa chombo chake: boti fupi kwa kimo, sitaha pana omo (mbele) na tezi (nyuma) za kusimamia mvuvi, tangi la kuweka samaki hai, na mota ndogo ya umeme omo ya kunyemelea.

Kwa mtumba, swali la faibaglasi au alumini ni la pili. La kwanza ni hali ya mbao. Boti nyingi za miaka ya 1980 na 1990, za aina zote mbili, zina plaiwudi ndani ya tezi pale injini inapofungwa, na nyingi zina plaiwudi sakafuni pia. Injini ya HP 200 ina kama kilo 200, na yote hiyo inaning'inia kwenye ubao usioonekana.

Kwa hiyo anza nyuma. Inua injini nusu, shika sehemu ya chini karibu na rafadha, ikandamize kwa uzito wa mwili, kisha iachie. Mwenzako aangalie mahali tezi inapokutana na ubavu. Tezi nzima haichezi. Ikipumua, au nyufa za kwenye kona zikifunguka na kufunga, usiendelee na bei. Halafu chukua bisibisi, gonga kwa mpini wake wa plastiki kuanzia juu kushuka. Ubao mzima unajibu ko, ko; uliooza unajibu pu, pu, kama unagonga boga.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni skrubu za kile kidude cha kipima samaki, yaani kifaa cha kuonyesha samaki walipo, kilichofungwa chini kabisa ya tezi. Wamiliki wengi hukifunga wenyewe na kusahau silanti (gundi ya kuzibia maji), maji yakapata njia kila siku ya uvuvi. Omba ruhusa ufungue skrubu moja. Ikitoka kavu na vumbi jeupe la mbao kwenye meno yake, vizuri. Ikitoka na uji wa kahawia unaonuka kama majani yaliyolowa, na tone la maji likafuata tundu, basi ubao umeshakwenda. Muuzaji akikataa skrubu moja isifunguliwe, nami nakataa kununua.

Kubadili ubao wa tezi kwenye faibaglasi ni kukata ngozi, kuchimba plaiwudi yote, kupanga mpya na kuipaka resini tabaka kwa tabaka. Kwa fundi, ni maelfu ya dola. Kwenye alumini kazi ni nafuu zaidi: unatoa injini, unafungua vifuniko na boliti, unachomoa ubao, unautumia kama kielelezo cha kukatia mwingine. Ila hapa kuna mtego ambao wamiliki wa kabla yako huuingia: wanaweka mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, ile yenye shaba. Shaba na alumini zikikutana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Mbao hudumu, bati linatoboka vitundu kama chujio. Ukiona sakafu mpya kwenye boti kuukuu, uliza mbao gani zilitumika, na ukiweza funua kipande uone rangi. Ya kijani ni dalili mbaya. Kwa sababu hiyo hiyo, usiache sarafu, waya wa shaba au risasi za kuvulia zikilala kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti.

Boti za alumini ni za namna mbili: za ribiti na za kuchomelewa. Za ribiti huvuja kidogo kidogo kadiri mawimbi yanavyozipigapiga. Kuzipima ni rahisi: boti ikiwa juu ya trela, funga kizibo, tia maji mpaka yafunike ribiti za chini, subiri nusu saa, ingia chini na kalamu ya wino mzito, uzungushie kila ribiti inayotoa jasho. Usizidishe maji, kina cha sentimita 5 tu ni kama lita 250, yaani kilo 250 ambazo trela haikuzipangia. Ribiti kumi zinazovuja zinakazwa na watu wawili, mmoja na nyundo ndani, mwingine akishikilia chuma kizito nje. Silanti peke yake kwenye ribiti iliyolegea ni kalafati ya msimu mmoja. Za kuchomelewa hazina shida hiyo; zake ni ufa kandokando ya mshono, hasa omo na mwisho wa mataruma (mbavu za ndani), na mshono uliopasuka unahitaji mchomeleaji anayeijua alumini, si yule wa mageti.

Kwenye faibaglasi, nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye rangi ya juu nyingi ni za sura tu. Tatizo ni ufa mrefu unaofuata mhimili wa ndani, au mkuku (uti wa chini wa boti) uliosagika kwenye changarawe hadi nyuzi kuonekana. Halafu weka rula ndefu ya mita moja chini ya boti kutoka tezi kuelekea omo. Mwanga ukipita zaidi ya milimita 3, bodi imepinda, mara nyingi kwa sababu nguzo za trela hazikufika mpaka tezi. Boti hiyo itakimbia na pua chini na injini haitaonyesha kasi yake.

Povu la kuelea chini ya sakafu hunywa maji kimyakimya. Pitisha boti na trela kwenye mizani ya malori, toa uzito wa trela, injini, betri na petroli, linganisha na uzito wa kiwandani. Kilo 100 za ziada zisizo na maelezo ni maji.

Majini tofauti ni kubwa. Upepo wa kusini ukivuka Toledo Bend, ile alumini inadunda na kila wimbi linapiga kama debe, na ukisimama kurusha chambo upepo unakusukuma ovyo. Faibaglasi inakata wimbi na kutulia. Lakini bwawa hilo lina visiki kila mahali, na hapo mambo yanageuka: kisiki kinachobonyeza alumini kinaweza kuipasua faibaglasi. Na kuivuta: ile ya futi 19 pamoja na trela inakaribia tani 1.7, inataka pikapu. Ya futi 17 ni kama kilo 900, SUV ya kawaida inaimudu.

Kwangu, vijito, visiki na gari dogo ni alumini ya kuchomelewa. Maji mapana na pikapu ipo, faibaglasi, bora tezi ijibu ko.

Injini kwa kifupi: kompresheni ya silinda zote isitofautiane zaidi ya asilimia 10, oili ya gia isiwe na rangi ya chai ya maziwa, na impela ya pampu ya maji ibadilishwe mara tu unapoichukua, hata ukiambiwa ni mpya. Tairi za trela zina tarakimu nne ubavuni za wiki na mwaka. Zikizidi miaka sita, hesabu bei yake humo humo.

Mwisho, iingize majini, zima pampu ya ngama, zunguka dakika 30, kisha fungua kifuniko cha ngama kabla hujatoa pesa mfukoni.