Jiko la spiriti la kopo la soda: uzoefu wangu milima ya Usambara

Naomba niandike kuhusu hili jiko kwa kirefu kidogo, maana kila nikitembea na watu milimani naona wanatamani jiko dogo la kubeba mgongoni, halafu wakishasikia bei ya jiko la gesi na vile vimtungi vyake vidogo vya kukaza kwa kuzungusha, ambavyo hata kuvipata nje ya miji mikubwa ni shida, wanakata tamaa, wengine wanaamua kushindia mkate na maji baridi safari nzima. Kwenye baridi ya msitu wa Magamba, huko huko Usambara, mwezi wa saba hayo ni mateso ya bure kabisa. Mimi natumia jiko nililotengeneza mwenyewe kwa makopo mawili ya soda ya 330 ml, linatumia spiriti, halifiki gramu 20, na pesa iliyonitoka ni ya soda na ya spiriti tu. Limenipikia chai, uji, tambi na mayai kuanzia Lushoto mpaka Mtae na bado nalipenda.

Kwa nje ni kikombe kifupi tu chenye kuta mbili, juu kimezungukwa na vitobo vidogo. Katikati unamimina spiriti, unawasha, mwanzoni moto unakaa katikati pale umelegea unaweza ukadhani umeharibu. Sasa lile joto linarudi kwenye alumini, spiriti iliyopo kati ya kuta mbili inaanza kuchemka, na ethanoli, yaani ile alkoholi ya kwenye spiriti, inachemka kwenye nyuzi 78 tu kwahiyo haichelewi, mvuke unakosa pa kwenda unatokea kwenye vitobo. Hapo ndo unaona moto unashika kitobo kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka mduara wote umekamilika na unasikia kasauti kadogo ka kupumua. Kwangu inachukua nusu dakika hadi dakika nzima, inategemea na baridi. Hakuna pampu wala utambi, na hakuna kitu cha kuziba njiani kama majiko ya mafuta ya taa.

Kutengeneza sio kazi ya fundi. Unachukua makopo mawili, unakata kitako cha kila moja, kimoja kirefu kama sentimita tatu, kingine kifupi kidogo. Usianze na mkasi moja kwa moja, weka kiwembe juu ya kitabu au kipande cha mbao chenye urefu unaoutaka, kishike kisicheze, halafu zungusha kopo taratibu likigusana na ncha, mistari ikishachimbika unabonyeza kwa kidole gumba inaachia yenyewe, inatoka imenyooka. Kitako kitakachokaa juu unakitoboa katikati na kuondoa ile sehemu iliyobonyea, pembeni yake kwenye ukingo unapiga vitobo kwa pini, mimi napiga kama 24, vidogo vya milimita moja. Kisha kwenye mwili wa kopo unakata ukanda wa upana wa sentimita nne hivi, unaukunja duara ukae ndani kwenye ule mfereji wa kitako, ndio ukuta wa ndani, na chini yake unakata vipengo vitatu ili spiriti ipite kutoka katikati kwenda kati ya kuta. Mwisho unaingiza kitako kimoja ndani ya kingine. Hapo ndo pagumu kuliko pote maana vina kipenyo kimoja na havitaki kuingiana. Dawa yake ni kuchukua kopo la soda ambalo halijafunguliwa, lile gumu, unalikandamiza ndani ya kipande cha chini unazungusha mpaka kinatanuka kidogo, halafu kile cha juu kinaingia. Piga msasa kingo zote, alumini ya kopo inakata kidole kama wembe.

Kama hizo kazi unaona nyingi, kuna aina nyepesi zaidi, unachukua kopo fupi la alumini, unatoboa mistari miwili ya matundu pembeni chini ya ukingo kwa kile kidude cha kutobolea karatasi za faili, basi. Kwa jiko hilo sufuria inakaa juu yake moja kwa moja, moto unatokea pembeni. Linafanya kazi vizuri, ila ukiweka sufuria mapema kabla halijapata joto linazima, na kwa sufuria nyembamba moto unapanda ubavuni nusu ya joto inaenda hewani. Mimi nabaki na la kuta mbili, sufuria nailaza juu ya vigingi vitatu vya hema nilivyovichomeka ardhini, sentimita mbili na nusu hadi tatu juu ya jiko.

Sasa tuje kwenye spiriti, hapa ndo wengi wanalilaumu jiko bila kosa. Spiriti ya duka la dawa ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ni asilimia 70, maana yake karibu theluthi ni maji, utawaka moto wa uvivu na mwishoni unabaki na maji chini ya jiko. Na kama chupa imeandikwa isopropili, ambayo ni alkoholi ya aina nyingine, hiyo inawaka kwa masizi, sufuria itakuwa nyeusi na mikono pia. Inayofaa ni spiriti ya hadwea, ile ambayo mafundi samani wanachanganyia shelaki kupigia polishi, ethanoli yake ni kali na inaungua safi, sufuria yangu chini bado inang'aa. Kuna duka moja njiani niliuziwa iliyoongezwa maji, nikaijua palepale nilipoijaribu maana moto ulikuwa unarukaruka na kuzima kabla haijaisha. Toka siku hiyo nikinunua mahali nisipopajua namimina kijiko kimoja kwenye kisoda nawasha, ikiungua ikaisha na kisoda kikabaki kikavu nachukua, kikibaki na majimaji namrudishia mwenyewe.

Kuna na methanoli pia, alkoholi nyingine tena. Ile ni sumu, ikinywewa inapofusha na kuua, na spiriti nyingi za kuwashia zimechanganywa nayo makusudi ili watu wasinywe. Kwahiyo tafadhali sana usiweke spiriti kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata ukiandika, kuna mtu ataamka usiku na kiu gizani. Mimi naiweka kwenye chupa ngumu ya rangi nyingine kabisa, nimeifunga mpira nyekundu shingoni, ukiishika hata bila kuona unaijua, na inakaa mfuko wa nje wa begi mbali na chakula.

Kupima natumia kile kifuniko cha dawa ya kikohozi chenye mistari ya ml, kinatosha kabisa na hakina uzito. Nusu lita ya maji kwangu inachemka kwa ml 20 hivi pakiwa pametulia, nikiwa mahali pa wazi naweka 30. Dakika ni kama saba hadi kumi. Anayetaka maji ya dakika tatu hili jiko sio lake, anunue la gesi, sitamdanganya.

Upepo ndo kila kitu, na nasema hivi kwa uzito wote, ukiwa na masaa matatu ya kutengeneza basi tumia moja kwa jiko na mawili kwa kizuia upepo. Mtae na Mambo ni vijiji vilivyopo ukingoni kabisa mwa milima, chini yako mbali kule ni mbuga za Mkomazi, na jioni upepo unapanda ule ukuta wa mlima unakuja kukupiga usoni. Nimeliwasha pale bila kizuizi, moto ulilala upande mmoja kama bendera, sufuria haikuuona, spiriti ikaisha maji yana uvuguvugu tu. Palepale nikazungushia kizuizi, ml zilezile, maji yakachemka. Jiko ni lilelile, sufuria ni ileile.

Kizuizi changu ni bati jembamba la alumini, lile la trei za kuokea zinazouzwa supamaketi, nimekata ukanda mrefu, unazunguka sufuria yote ukiacha upenyo wa kama upana wa kidole, na chini nimetoboa matundu upande mmoja ili hewa iingie. Ukiliziba lote kabisa moto unakosa hewa unakuwa wa njano na kuzimazima, ukiacha wazi sana joto linakimbia, kwahiyo ule upenyo ndo wa kuhangaika nao mpaka uupate. Linakunjwa linaingia ndani ya sufuria pamoja na jiko. Halafu funika sufuria, jamani funikeni sufuria, hata kwa foili. Na sufuria pana fupi ni bora kuliko kikombe kirefu.

Kwenye mapishi tuwe wakweli, hili ni jiko la kuchemsha maji. Ugali usijaribu, huwezi kusonga juu ya kitu kinachopinduka ukikigusa, na moto huwezi kuupunguza. Ila kuna njia moja inanisaidia sana, nachemsha maji, natia tambi au mchele niliouloweka mchana kutwa, nikishaona vimechemka tena dakika moja mbili natoa, nafunika vizuri nafunga sufuria kwa kitenge mara mbili tatu na kuitia ndani ya begi la kulalia. Baada ya robo saa tambi zimeiva, mchele unataka zaidi ya nusu saa lakini unaiva, na spiriti nimetumia ile ya kuchemshia tu. Dagaa wa kukaanga unakuja nao kutoka nyumbani unachanganya humo, kitunguu kibichi, ndimu, hapo kweli umekula.

Kuna rafiki yangu ana jiko la spiriti la Trangia, lile la Sweden, kampuni imeanza 1925 na bana lao (ile sehemu inayowaka moto) la shaba ya njano wanalitengeneza mpaka leo karibu na lilivyokuwa. Nimepika nalo na ni zuri, lina kifuniko cha kukaza kwahiyo spiriti iliyobaki unaondoka nayo humohumo, na lina pete ya kupunguzia moto, uji wa polepole unapika. Lakini bana peke yake ni kama gramu 110, na ukikanyaga langu natengeneza jingine jioni ileile, lake ukilipoteza ni mpaka uagize. Kwa gesi, kilo kwa kilo ina nguvu karibu mara mbili ya spiriti, kwahiyo kwa safari ndefu au kundi la watu wanne watano hesabu inageuka, chupa za spiriti zinakuwa nzito kuliko mtungi. Mtu mmoja au wawili, siku mbili tatu, la kopo linashinda. Kilimanjaro sijalipeleka na sioni haja, kule unapanda na kampuni ina mpishi na majiko yake.

Asubuhi za baridi linagoma kidogo, spiriti ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi mvuke wake unakuwa mchache kiberiti kinazama tu. Nalala na kichupa kidogo cha kiasi cha chai ya asubuhi kwenye mfuko wa jaketi, kikiamka na joto langu inashika mara moja.

Hatari yake kubwa ni kwamba mchana moto wake hauonekani. Kabisa. Unaweza ukaangalia jiko ukaapa limezima kumbe linawaka. Mimi kabla ya kuongeza spiriti nashika kipande cha jani kavu kwa koleo nakipitisha juu, kisipoungua nasubiri tena mpaka alumini ipoe niweze kuligusa. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye aliongeza likiwa bado la moto, mwali ukapanda kwenye mkondo wa spiriti mpaka mdomoni mwa chupa, bahati nzuri aliitupa kwenye udongo mtupu. Ndani ya hema hapana, hewa chafu inaua kimyakimya na hema la nailoni halisubiri. Na kwasababu halina swichi ya kuzima, likipinduka kwenye majani makavu umeshawasha msitu. Marekani kule Colorado mwaka 2012 moto ulioanzia kwenye jiko la spiriti la mpiga kambi ulichoma zaidi ya ekari 7,000, na sehemu nyingi za magharibi mwa nchi yao wakati wa kiangazi yanapigwa marufuku kwa sababu hiyo. Magamba ni hifadhi ya msitu wa asili, ukiwa ndani muulize askari wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wapi panaruhusiwa, na hata pale pafagie mpaka udongo uonekane, weka chupa ya maji pembeni. Maji yanazima spiriti vizuri tu, yanachanganyika nayo, sio kama mafuta ya taa.

Ukishatengeneza ukaona vitobo vya upande mmoja haviwaki, liweke mahali palipolala sawa kwanza kabla ya kutoboa vingine. Ukiona moto unatokea kwenye maungio ya vile vipande viwili, hilo usilibebe, mvuke unavuja. Tengeneza lingine, na kile kitako cha chini safari hii kitanue kidogo tu.