Uzoefu Wangu: Jinsi Nilivyochagua Kaunta ya Jikoni, na Hali Yake Baada ya Miaka Mitatu

Kaunta yangu ya zamani ilikuwa ya fomeka, yaani bamba jembamba gumu la plastiki, iliyobandikwa juu ya chipubodi, ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na miaka yote ile haikunisumbua katikati, mahali ninapokatia na kukandia kila siku. Iliharibikia kwenye sinki. Maji yalipenya taratibu katika mshono ulio nyuma ya bomba, chipubodi ikavimba, fomeka ikaanza kubanduka pembeni, na siku ilipong'olewa tulikuta ubao wa chini umekuwa mweusi na unamung'unyika ukiugusa kwa kidole. Kwa hiyo nilipoamua kulifanyia jiko ukarabati, swali langu la kwanza lilikuwa ni kitu gani kitakachostahimili maji yanayotuama kando ya bomba usiku kucha, maana nyumba yenye watu hukosi siku ambayo mtu ameosha vyombo akaondoka bila kufuta.

Mbao ngumu na chuma kisichoshika kutu niliviacha mapema. Mbao hutaka kupakwa mafuta mara kwa mara na huogopa maji yale yale niliyokuwa nayakimbia, na chuma, ingawa ni safi na hakihofii moto, huchubuka kila unapokiburuzia chombo. Nilibaki na mawe. Niliomba vipande vidogo vinne vya sampuli nikavipanga kando ya sinki kwa mwezi mzima, na namshauri kila mtu afanye hivyo hivyo, kwa sababu jiwe lililosimamishwa dukani chini ya taa kali halikuambii lolote kuhusu namna litakavyokuwa likishamwagikiwa na mafuta.

Kipande cha kwanza kilikuwa marumaru, na hapa nina maana ya jiwe lenyewe, si vigae vya sakafuni ambavyo wengi wetu huviita kwa jina hilo hilo. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nilikiwekea kipande cha limau kwa dakika kumi, nikafuta, nikakiinamisha kuelekea dirishani, na pale limau lilipokaa mng'ao ulikuwa umetoweka na pamebaki alama ya duara iliyofifia. Niliisugua kwa sabuni mara mbili kabla sijaelewa kwamba lile halikuwa doa. Marumaru ni madini ya kalisiti, na kalisiti humenyuka na asidi, kwa hiyo uso wa jiwe wenyewe ulikuwa umeliwa, na dawa ya kuziba vitundu haizuii jambo hilo. Tena kalisiti ina ugumu wa 3 tu katika kipimo cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10, ambapo kisu cha kawaida hukaribia 5 na nusu, kwa hiyo huchorwa kwa urahisi.

Kipande cha pili kilikuwa graniti ya kijivu yenye madoadoa. Limau halikuifanya kitu. Nilipokiburuzia kisu kwa nguvu ulitokea mstari unaong'aa kama fedha, nikadhani nimelikata jiwe, lakini nilipousugua kwa unga wa kusafishia ulifutika wote. Kumbe ni chuma cha kisu kilichokuwa kimebaki juu ya jiwe, kwa kuwa madini yanayounda graniti, hasa feldspa yenye ugumu wa 6 na kwatsi yenye ugumu wa 7, ni magumu kuliko kisu. Udhaifu wake niliuona kwenye maji. Tone nililoliacha kwa robo saa liliacha kivuli cheusi kilichochukua muda kukauka, maana yake jiwe lilikuwa linanywa na lingehitaji dawa.

Kipande cha tatu, cheusi tititi, kiliuzwa kama graniti pia. Nilikipangusa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, na kitambaa kikatoka na weusi. Jiwe lisilotiwa rangi haliachi kitu kwenye asetoni, kwa hiyo hicho nilikirudisha siku hiyo hiyo. Kipimo hiki ni cha dakika moja, nami nasikitika kwamba hakuna muuzaji hata mmoja aliyenitajia.

Kipande cha nne ndicho kilichonisumbua akili zaidi. Hili ni jiwe la kiwandani, ambalo sehemu yake kubwa, mara nyingi 90% au zaidi kwa uzito, ni kwatsi iliyosagwa na kushikamanishwa kwa resini. Halikunywa maji, halikushika manjano wala kahawa, na halihitaji dawa yoyote maishani mwake. Kwa upande wa madoa lilishinda yote. Lakini resini ni aina ya plastiki, na joto la kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi huweza kuiharibu, ilhali mafuta ya kukaangia hupita hapo kwa urahisi. Nilikitua juu yake kikaango kilichotoka motoni, na pete iliyopauka iliyobaki haikuondoka tena.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo kwangu ilikuwa nzito kuliko pete ile. Vumbi la kwatsi linalotoka jiwe linapokatwa huingia mapafuni na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuponya, na mawe haya ya kiwandani yana kwatsi nyingi kuliko graniti ya asili. Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, kwa sababu ya mafundi waliougua. Nilikwisha kuchagua kabla ya tarehe hiyo, lakini habari za ugonjwa huo zilikuwa zinajulikana, na sikuona raha kupikia juu ya kitu ambacho kingeweza kumdhuru aliyekikata. Graniti nayo ina kwatsi, kwa hiyo niliweka sharti kwamba ikatwe kwa mashine yenye maji na mafundi wavae barakoa za kuchuja vumbi.

Nilichukua ile graniti ya kijivu, unene wa milimita 20. Mita moja ya mraba ya unene huo ina uzito wa kilo 54 hivi, kwa hiyo kaunta yangu ya mita nne kwa sentimita 60 ilikaribia kilo 130. Ingekuwa ya milimita 30 ingekaribia kilo 195, na kabati zangu zingehitaji kuimarishwa. Niliomba kiungo cha mapande mawili kiwe mbali na sinki, na chini ya ukingo wa mbele kichongwe mfereji mwembamba ili maji yanayotiririka yadondoke badala ya kurudi nyuma na kulowesha milango ya kabati. Mfereji huo hauonekani na hakuna mgeni aliyewahi kuusifu, lakini naupenda kuliko mng'ao wa juu.

Lawama yangu moja ni ya ufungaji. Sinki limefungwa kwa chini, hivyo ukingo wa tundu lililokatwa uko wazi kwa maji, na fundi alipaka dawa uso wa juu akausahau ukingo huo. Mwezi wa pili kilitokea kivuli cheusi chenye upana wa vidole viwili kuzunguka sinki. Aliporudi tuliacha bomba limefungwa siku tatu, pakakauka kabisa, akapaka mara mbili na kufuta dawa iliyozidi kabla haijakauka juu. Kivuli kilipungua ila pembe moja ya nyuma haikurudia rangi yake ya awali.

Leo, baada ya miaka mitatu, sina mkwaruzo wala doa la mafuta, na sufuria za moto naziweka juu ya kitu cha kuzikinga kwa sababu hata graniti huweza kupasuka joto likibadilika ghafla, hasa pale penye wembamba mbele na nyuma ya sinki. Kila baada ya miezi michache nadondosha maji kando ya bomba na kutazama saa. Mara ya mwisho tone lilikaa robo saa likiwa limejikunja kama shanga, isipokuwa kwenye ile pembe ya nyuma, ambako jiwe liligeuka jeusi kabla ya dakika tano kwisha, na chupa ya dawa tayari iko kabatini ikingoja siku ambayo nyumba itakuwa haina watu.